Nyota Tano, Nyota Tatu, na Mzee Aliyekimbiwa na Kiingereza

Picha iliingia kwa WhatsApp nikiwa maegeshoni, injini ikipasha joto, mikono bado inanuka sabuni ya kazini. Februari ya Minnesota haimhurumii mtu aliyetoka zamu ya usiku. Ilikuwa picha ya karatasi iliyokunjwa mara nne kisha ikanyooshwa juu ya goti: majina ya nyumba za wazee, anwani, namba za simu, na pembeni safu ya nyota. Nyumba tatu zilikuwa zimezungushiwa kalamu ya bluu.

Chini yake ujumbe: "Dada, hospitali wanataka jibu kesho saa nne asubuhi. Wewe ndiye unazijua hizi nyumba. Tumpeleke Baba wapi?"

Aliyeandika ni mwenzetu wa kanisa. Baba yake, mtu wa Machakos aliyestaafu reli pale Changamwe, wengi wetu huku Brooklyn Park tunamwita Mzee tu, bila jina, na kila mtu anajua ni nani. Kiharusi kilimpata mwisho wa Januari. Upande wa kulia ukalala, kumeza kukawa kazi, na Kiingereza chote alichokuwa nacho kikaondoka. Kikabaki Kikamba, na Kiswahili cha relini.

Daktari alishasema harudi ghorofa ya tatu kwa binti yake. Kumtoa kitandani kunahitaji watu wawili, na binti ana kazi mbili na watoto.

Kati ya zile nyumba tatu, mbili nilizijua kwa ndani. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, na kuna kipindi nilikuwa nachukua zamu za wakala, zile za kuziba pengo popote palipopungua mtu. Moja ilikuwa na nyota tano. Nyingine tatu.

Kidole kilitaka kuandika: nenda ile ya nyota tatu.

Nikaandika: "Nipe mpaka jioni."

## Namba moja darasani

Walio nyumbani wakisikia nyota tano huwaza hoteli. Hizi hutolewa na idara ya serikali kuu inayosimamia Medicare, bima ya afya ya wazee, na Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo, na zinahusu karibu nyumba 15,000 nchi nzima. Taarifa za nyumba hizi zilianza kuwekwa mtandaoni mwaka 1998. Nyota zilikuja Desemba 2008, ili mtu aliyechanganyikiwa kwenye korido ya hospitali asilazimike kusoma rundo la ripoti kabla ya kuamua.

Msingi wake ni ukaguzi. Juu ya ukaguzi huongezwa au kupunguzwa nyota kwa mambo mawili: wafanyakazi wako wangapi, na hali za afya za wakazi zinasemaje kwenye makaratasi.

Wakaguzi wa jimbo huingia bila kupiga hodi, na haitakiwi miezi 15 ipite hawajafika. Bila kupiga hodi, ndiyo. Lakini kila anayefanya kazi humu anajua kwamba mwaka ukishazunguka tangu ukaguzi uliopita, meneja anaanza kutembea korido akichungulia majagi ya maji. Na siku wakiingia kweli, utaona watu wa ofisini ambao hujawahi kuwaona wakimgusa mzee wanaitikia kengele kwa tabasamu. Usiku huo tunakuwa wengi mpaka tunagongana.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi hazilijui. Nyota za ukaguzi ni za kushindanisha nyumba za jimbo moja. Asilimia 10 za juu wanapewa tano, asilimia 20 za chini wanapewa moja, na waliobaki katikati wanagawana mbili, tatu na nne. Kwa hiyo jimbo zima likizorota kwa pamoja, nyumba za nyota tano bado zitakuwepo. Ni ile namba moja ya darasa ambalo hakuna aliyefikisha alama hamsini: mzazi anashangilia cheo, alama hajaziona.

Ndiyo maana huwezi kuchukua nyota nne za Texas ukazilinganisha na nne za Minnesota. Wanaohamia huku na wazazi wao hulinganisha kila siku.

## Karatasi ikijisahihisha yenyewe

Mafungu mengine mawili ndiyo yaliyonisumbua zaidi, kwa sababu nayajua yanavyozaliwa.

Kwa miaka mingi nyumba zilijitangazia zenyewe idadi ya wafanyakazi. Wakaguzi wakija, unajaza fomu ya wiki mbili zilizopita, basi. Sheria ya afya ya 2010 ikaagiza takwimu zitoke kwenye malipo ya mishahara. Zikaanza kukusanywa hivyo mwaka 2016, na kuingia kwenye nyota 2018. Hilo ni jema, maana mshahara haudanganyi kirahisi. Hata hivyo, kwenye saa za wauguzi wenye leseni ya juu anahesabiwa pia mkuu wa wauguzi, pamoja na wale ambao siku nzima wako na kompyuta na mikutano. Wanafanya kazi, sikatai. Lakini mzee akilia kwamba amelowa, si wao wanaokwenda.

Fungu la afya ndilo karatasi tupu. Wangapi wana vidonda vya kulalia, wangapi wameanguka na kuvunjika, wangapi wanapewa dawa za magonjwa ya akili: mengi ya hayo hutoka kwenye tathmini ambazo nyumba inajijazia. Mwaka 2025 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani ilifuatilia wakazi wenye Medicare walioanguka, wakaumia vibaya mpaka wakalazwa hospitali. Asilimia 43 ya maanguko hayo hayakuonekana kwenye tathmini za nyumba zao.

Hesabu ya dawa nayo ina mlango wa nyuma. Mwenye skizofrenia hahesabiwi kwenye kipimo hicho, kwa sababu anahitaji dawa zile kweli. Basi wazee wa miaka themanini wakaanza kuandikiwa skizofrenia ambayo maisha yao yote hawakuwa nayo. Januari 2023 idara ikatangaza itakagua mafaili hayo na kushusha nyota za watakaobainika.

Na kuna Kirkland, kule jimbo la Washington. Mlipuko mkubwa wa kwanza wa Covid katika nyumba ya wazee nchini, Februari 2020, makumi ya watu wakafa, na nyumba ile ilikuwa na nyota tano. Si haki kusema nyota zilipaswa kutabiri gonjwa ambalo dunia nzima haikulijua. Ila tangu hapo neno "nyota tano" sijawahi kulisikia kwa utulivu.

## Rafiki yangu muuguzi hakubaliani nami

Mchana ule sikulala. Nilimpigia rafiki yangu, muuguzi, ambaye ameshika funguo za dawa katika nyumba hizi muda mrefu kuliko mimi. Nilijua ataniunga mkono.

"Acha hadithi za zamu," akasema. "Wewe umefanya usiku kadhaa pale, ukapikiwa wali na wenzako, ukaona nyumba nzuri. Hiyo ni nyumba nzuri kwako."

Nikanyamaza.

"Kabla ya nyota unajua watu walichagua kwa nini? Zulia. Maua ya mapokezi. Harufu ya kahawa mlangoni. Leo ukiona nyumba ina ile alama nyekundu yenye kiganja, unajua kuna kesi ya mkazi kunyanyaswa, unapita. Tangu 2019 iko pale. Nyumba ikiwa na nyota moja mfululizo, unapita. Huhitaji mtu wa ndani akwambie."

Ana hoja, na nilikaa nayo wiki nyingi. Namjua dada mmoja, mchapakazi, aliyekuwa akiisifu nyumba yake kwa kila mtu: msimamizi anaelewa, ratiba haibanani, hakuna kelele. Wakaguzi walipotoka pale walikuwa wameandika G, yaani mkazi ameumia kweli, kidonda cha kulalia kilichofika mfupani. Yeye alikuwa korido nyingine, hakuwahi kukiona. Mtu wa ndani huona korido yake.

Hizo herufi, kwa asiyejua, zinaanzia A na kuishia L. Kadiri herufi inavyosogea ndivyo mambo yanavyokuwa mabaya: mpaka F hakuna aliyeumia ingawa angeweza, kuanzia G mtu ameumia, na J, K, L ni hatari ya papo hapo. Ripoti yenyewe nyumba inatakiwa kuiweka mahali pa wazi, mgeni aisome bila kumwomba mtu. Mara nyingi utaikuta kwenye faili jeupe karibu na mapokezi, na vumbi lake.

Kwa hiyo nikubali hivi: nyota zinajua kuwaonyesha walio chini kabisa. Swali langu lilikuwa kwa walio katikati na juu, ambako Mzee alikuwa anakwenda.

## Dakika 147

Niruhusuni nipige hesabu moja.

Mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni ya kwanza ya taifa ya kima cha chini cha wafanyakazi: saa 3.48 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, na humo saa 2.45 ziwe za CNA. Haikudumu. Aprili 2025 jaji wa Texas aliifuta, na Julai Bunge likasogeza utekelezaji wake mpaka 2034. Utafiti ulioagizwa na serikali hiyo hiyo mwaka 2001 ulitaja saa 4.1.

Tuchukue hiyo 2.45 iliyoonekana ni nyingi mno. Ni dakika 147, kwa zamu tatu zote.

Mtu mwenye kiharusi cha koo halishwi haraka. Unamkalisha wima, unampa kijiko kidogo, unangoja ameze, unatazama shingo kama imepanda na kushuka, unamwambia ameze tena, ndipo kijiko kingine. Ukiharakisha, chakula kinaingia mapafuni na wiki ijayo ana nimonia. Nusu saa kwa mlo ni kwenda vizuri. Milo mitatu, dakika 90 zimeisha.

Zimebaki 57. Humo uogeshe, uvalishe, usafishe kinywa, ubadilishe nepi, umpandishe na kumshusha kwa mashine ya kunyanyulia ambayo ni ya watu wawili, yaani kila dakika yake inakula mbili. Umgeuze kila baada ya saa mbili usiku kucha. Halafu uandike yote, maana kisichoandikwa hakikufanyika.

Sasa hebu fikiria Jumamosi, saa tatu usiku, wawili wamepiga simu wanaumwa.

Ile nyumba ya nyota tano niliifanyia kazi Jumamosi za namna hiyo. Jengo zuri, mwanga mzuri, picha za maziwa ukutani. Katikati ya wiki ina watu tele. Wikendi korido yetu ilibaki na mimi wa wakala na msichana mwingine wa wakala, ambaye usiku ule ndio ulikuwa wake wa kwanza pale. Kengele ya chumba kimoja iliwaka, nikaingia, bibi akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe ni nani leo?" Nilimjibu. Akasema kila usiku anauliza hivyo.

Ile ya nyota tatu ina linoliamu iliyochakaa na lifti inayolalamika. Lakini nilipofika mara ya kwanza, CNA aliyekuwa pale alinishika mkono, akanipitisha chumba kwa chumba: huyu hupenda mlango uachwe wazi kidogo, huyu ukimgeuza anza na miguu, yule usimwashie taa ya juu. Alikuwa pale muda mrefu. Wenzake pia.

Hilo, kwa bahati, linaweza kuonekana kwenye takwimu ukilichimba. Tangu Januari 2022 serikali huchapisha wafanyakazi wa wikendi, na idadi ya walioacha kazi katika mwaka. Julai yake vikaanza kuhesabiwa kwenye nyota. Kitaifa, kiasi cha kama nusu ya wauguzi na wasaidizi huondoka ndani ya mwaka mmoja. Nilifungua kurasa za nyumba zote mbili nikiwa jikoni, chai ikipoa. Ile ya tano: wikendi chini, kuondoka juu. Ile ya tatu: kinyume chake. Nyota zake zilikuwa zimevutwa chini na ukaguzi mmoja wa zamani na makaratasi ya dawa.

Nilifurahi, kisha nikaona aibu kidogo ya kufurahi. Nilikuwa nimetafuta namba zinazonikubalia.

## Hakuna nyota inayomuuliza mkazi

Katika mfumo mzima wa nyota za serikali kuu, hakuna mahali ambapo mkazi mwenyewe anaulizwa: unaishije hapa?

Minnesota, na hili nalisema kwa fahari ya mtu aliyehamia, wanauliza. Tangu 2006 jimbo lina kadi yake ya ripoti ya nyumba za wazee. Wahojaji huenda kukaa na wakazi ana kwa ana, wawaulize kuhusu heshima, chakula, faragha, shughuli, kama wafanyakazi wanawajali, kama wana la kufanya siku nzima. Familia nazo zinaulizwa. Kadi hiyo pia inaonyesha ni wafanyakazi wangapi wamebaki, nyumba inategemea wakala kiasi gani, na vyumba vingapi ni vya mtu mmoja. Unachagua unachokijali zaidi, inakupangia nyumba kwa hicho.

Watu wetu wengi hawaijui. Hospitalini wanapewa ile karatasi ya nyota tu.

Nilimtumia binti kiungo, na nikampigia. Nikamwambia wakazi wa ile nyumba ya nyota tatu waliipa alama nzuri kwenye uhusiano na wafanyakazi, mbaya kwenye chakula. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Chakula nitampelekea mimi."

## Mambo ambayo nyota haziyagusi kabisa

Hapa nipite haraka, kwa sababu yanachosha, ila ndiyo yanayoamua zaidi ya nusu ya kesi ninazoziona.

Kitanda kipo? Nyumba nzuri isiyo na kitanda leo haikusaidii, na hospitali haingoji. Nani analipa? Medicare hulipia siku 100 tu kwa ukomo, baada ya kulazwa hospitali, na kuanzia siku ya 21 unachangia. Baada ya hapo ni mfuko wako au Medicaid, ambayo huku tunaiita Medical Assistance. Minnesota ina sheria inayokataza nyumba kumtoza anayelipa mwenyewe zaidi ya kiwango cha Medicaid kwa chumba cha pamoja, na hiyo inapunguza ubaguzi kwa kiasi fulani. Mzee ni raia, kwa hiyo tuliruka kikwazo kimoja kikubwa cha kuipata hiyo Medicaid. Wapo wazazi wengi walioletwa na kadi ya kijani wasioweza kukiruka.

Halafu kuna umbali. Binti anatoka kazi ya kwanza saa tisa na nusu, ya pili inaanza saa kumi na moja. Nyumba iliyo dakika kumi na ile iliyo dakika arobaini ni maisha mawili tofauti. Mkazi anayetembelewa kila siku hutazamwa zaidi. Sisi wafanyakazi hatupendi kulisema, lakini ndivyo ilivyo.

## Baba mdogo kwenye simu

Usiku ule kukawa na kikao cha ukoo kwa simu, na mimi nikaombwa niwepo "kueleza mambo ya kitaalamu". Machakos kulikuwa kunapambazuka. Baba mdogo alisikiliza nyota, saa, herufi, akangoja tumalize.

"Sasa mimi naomba kuuliza," akasema. "Hiyo nyumba ya tano na hiyo ya tatu, kuna moja ambayo mtoto wake atalala?"

Hakuna aliyejibu. Yeye mwenyewe akaendelea, polepole, kwamba hata kule siku hizi watu wanaajiri wasichana wa kulea wazee na kusafiri, na kwamba yeye hana mtu wa kumnyanyua akianguka. Hakuwa analaumu. Alikuwa anataka kulinganisha vitu ambavyo karatasi yetu haikuviweka pamoja.

Halafu akauliza swali ambalo mimi, na uzoefu wangu wote, sikuwa nimelifikiria: "Huko ataongea na nani?"

## Papa, ni wapi inakuumiza?

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa nne, tuliingia nyumba ya nyota tano. Mama wa mapokezi alikuwa mkarimu, akatuonyesha bustani ya ndani, chumba cha mazoezi, menyu. Binti akauliza kuhusu lugha. Akajibiwa kwamba wana huduma ya mkalimani kwa simu, saa 24. Ni kweli, na ni haki ya mkazi. Lakini mkalimani wa simu anaitwa daktari akija. Saa nane za usiku, mzee akikunja uso, hakuna anayempigia mkalimani.

Kule kwenye nyota tatu tulikutana na zamu ya usiku ikiondoka. Wawili walisalimia kwa Kiswahili kabla hatujafungua mdomo: mama wa Kisii, na kijana wa Bukavu, kofia ya sufu hadi nyusini.

Tathmini ile ndefu inayojazwa kwa kila mkazi ina swali la lugha: unapendelea lugha gani, unahitaji mkalimani. Inaulizwa, inaandikwa, inatumwa serikalini. Hakuna nyota inayotoka humo.

Binti aliamua pale pale koridoni. Mimi sikusema neno, na nilishukuru sikuombwa kusema.

Mwezi wa pili wa Mzee pale, nilipita kumwona nikitoka kazini. Alikuwa hataki kugeuzwa. Alfajiri nzima alikuwa akirusha mkono wa kushoto, na kwenye maandishi ya zamu alishaandikwa kuwa anakataa huduma. Ukishaandikwa hivyo mara tatu nne, mtu huanza kufikiria kidonge cha kukutuliza. Kijana wa Bukavu akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Papa, ni wapi inakuumiza?"

Mzee akafumba macho, akatafuta. "Bega. Hili la chini."

Mkono wake uliolala ulikuwa umebanwa chini ya ubavu, pengine tangu walipomgeuza mara ya mwisho. Kijana akauchomoa kwa viganja viwili, akaweka mto, akamgeuza akianza na miguu. Mzee hakurusha tena mkono. Muuguzi aliandika upya.

Nilimsimulia rafiki yangu. Akasema, "Hilo ni tukio moja, si ubora wa nyumba." Nikamwuliza angelipima vipi. Akasema angetaka kujua ni wakazi wangapi pale hawaongei Kiingereza, na wangapi kati yao wameandikwa wanakataa huduma. Nadhani ni kipimo kizuri. Hakipo.

## Nyota moja imeanguka

Juni nyumba ile ilikaguliwa. Ripoti ilipotoka, tatu zikawa mbili.

Binti alinipigia sauti imepanda. "Dada, tumhamishe?" Mtu kanisani alishamwambia nyumba ya nyota mbili ni ya kutupia watu.

Nilienda kulisoma lile faili jeupe mwenyewe, nimesimama pale mapokezi. Friji la jikoni lilikuwa na vyakula vilivyofunguliwa bila kuandikwa tarehe, na kifaa cha kupima joto kilichoharibika: F, yaani limeenea jikoni kote lakini hakuna aliyeumia. Dawa moja ilichelewa kupitiwa na mfamasia: D. Mkazi mmoja hakupewa notisi kwa maandishi kabla ya kubadilishiwa chumba: D. Niligeuza kurasa nikitafuta G. Haikuwepo. Kidonda cha kulalia, hakuna. Kuanguka, hakuna.

Friji ni jambo zito kwa mtu wa miaka 78 mwenye koo bovu, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia aombe kuona jinsi walivyolirekebisha, na kwamba kila jimbo lina mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi, anapigiwa simu bure na hana haja ya kujua jina lako. Lakini kumhamisha, hapana. Si kwa friji.

Kisha nikamwuliza kama kijana wa Bukavu bado yupo.

Yupo, akasema, ila ameanza shule ya uuguzi. Amebakiza Jumamosi na Jumapili, na Agosti anaacha. Mama wa Kisii naye amehamia zamu ya mchana, korido nyingine.

Kikao cha mpango wa huduma cha robo mwaka kiko Alhamisi ijayo. Binti ameniomba niende naye. Ameshaandika swali la kwanza, na halihusu friji: baada ya Agosti, usiku, ni nani.